Drayeri inazunguka, nguo bado mbichi

Mama mmoja mwenyeji wa Kigoma, jirani yetu hapa Columbus, Ohio, alinipigia simu Jumamosi moja ya Januari. Nilipomwamkia tu akaanza: "Marahaba mwanangu. Hii mashine ya kukaushia nguo imenishinda. Nguo zile zile naziwashia mara tatu, zinatoka za moto lakini mbichi. Mjukuu wangu kanunua elementi, kaifunga, mambo ni yale yale. Niitupe?"

Nilimwomba jambo moja tu. Aiache mashine ikizunguka, avae koti, atoke nje hadi pale ukutani hewa inapotokea, aweke mkono. Alirudi kwenye simu baada ya dakika mbili. Hakuna hewa, akasema, na kale kamlango kameganda, hakafunguki.

Nilipofika jioni nilikuta kifuniko cha nje kimezibwa na utando wa nyuzi za nguo uliolowa kwa mvuke, kisha ukagandishwa na baridi ukawa kama tofali. Bomba lililokuwa nyuma yake lilikuwa limejaa hadi nusu. Elementi ile ya zamani, yaani koili inayopasha hewa moto, ambayo mjukuu alikuwa ameiweka pembeni, niliipima: nzima kabisa. Pesa zilikwenda bure, na elementi mpya ilikuwa inaelekea kufa kwa shida ile ile ambayo hata haikuwa yake.

Nimezifungua mashine hizi kwa miaka kadhaa sasa, kwanza za kwetu, kisha za majirani, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni la kufikiri kuliko la mikono. Nguo hazikauki, basi joto ni dogo. Joto ni dogo, basi kibadilishwe kinachotoa joto. Drayeri haiko hivyo. Ina kazi tatu zinazokwenda pamoja: kupasha hewa moto, kuipitisha hewa hiyo kwenye nguo na kuitoa nje, na kuzigeuzageuza nguo ili kila upande upate zamu. Kazi moja ikilegea, mwenye nyumba analalamika neno lile lile, "haikaushi", na penye ubovu panaweza kuwa mita tano kutoka pale anapotazama.

Ninayoizungumzia hapa ni drayeri ya umeme yenye bomba la kutoa hewa nje, iliyozoeleka katika nyumba za Marekani na Kanada. Ya gesi ina hatari zake na inataka fundi wake. Usiifungue kwa kufuata maelezo haya. Zile zisizo na bomba, zinazokusanya maji kwenye tangi dogo, zina mambo mengine ndani yake, ingawa mengi ya kuhusu usufi yanazihusu pia. Usufi ndilo jina nitakalolitumia kwa zile nyuzi laini zinazobaki kwenye kichujio, maana ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha na usufi wa mti wa msufi.

Hewa kwanza

Sisi tuliolelewa na kamba ya uani tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Wakati wa masika, jua likichomoza kati ya mvua mbili, unaweza kuanika shuka asubuhi na jioni ukalianua likiwa bado na unyevu, kwa sababu hewa yenyewe imeshiba maji na haina pa kuweka mengine. Kusi likivuma, shuka hilo hilo hukauka hata chini ya wingu. Ndani ya lile kasha la bati mna jua, ambalo ni elementi, na mna upepo, ambao ni feni. Ukiziba bomba umebaki na jua peke yake.

Hesabu yake haina utata. Nguo za mzigo mmoja zikitoka kwenye mashine ya kufulia zinaweza kubeba lita 2 hadi 3 za maji ambayo macho hayayaoni. Kuigeuza lita moja kuwa mvuke kunataka takriban kilowati-saa 0.63 za nishati, iwe kwenye sufuria au kwenye shuka. Kwa lita 3, hiyo ni karibu kilowati-saa 2, kabla hujahesabu joto linalopotelea kwenye bomba. Kwa elementi ya wati 5,000 na kitu, mzigo huo unataka kama dakika arobaini hadi saa moja. Basi mtu akiniambia drayeri yake inachukua saa mbili, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuchukua suruali ya jinzi iliyotoka kufuliwa na kuikamua. Ikitoa maji, tatizo liko kwenye mashine ya kufulia: haizungushi kwa kasi inayotakiwa mwishoni, na drayeri imebebeshwa lita ambazo hazikuwa za kwake.

Ikiwa nguo zimekamulika vizuri, fuata njia ya hewa. Wengi hudhani feni inapuliza hewa ndani ya pipa. Kwa kweli inaivuta. Hewa ya chumbani huingia kwa nyuma ya mashine, hupita kwenye elementi, huingia kwenye pipa lenye nguo, hupita kwenye kichujio, hufika kwenye feni, na kutoka hapo husukumwa kwenye bomba hadi nje. Ni mnyororo mmoja. Popote palipoziba, feni inashindwa kuvuta, hewa inakaa mno juu ya elementi na kupata moto kupita kiasi, huku nguo zikikosa hewa mpya ya kubeba maji. Ndiyo sababu nguo za yule mama zilitoka za moto na mbichi kwa pamoja.

Mimi huanzia mwisho wa njia, nje. Mashine ikifanya kazi, kile kifuniko kinapaswa kufunguka na mkono wako usikie upepo wenye nguvu, si pumzi ya mgonjwa. Ukikuta mtu ameweka wavu ili kuzuia ndege au panya, uondoe. Wavu hukusanya usufi ndani ya wiki chache. Kisha bomba lenyewe. Linalofaa ni la bati gumu lenye kipenyo cha inchi 4, yaani sentimita 10 hivi. La plastiki halifai kabisa, maana linaungua. Lile la karatasi ya alumini linalokunjika kama kinanda linauzwa kila mahali, lakini likisukumwa ukutani hulala bapa, na mikunjo yake hukamata usufi kila mzunguko. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinaweka kikomo cha futi 35 kwa urefu wa bomba, kama mita 10 na nusu, kisha zinakata futi 5 kwa kila kona ya digrii 90. Kwenye nyumba ambayo drayeri imewekwa katikati ya jengo, ikiwa na kona tatu kabla ya kufika nje, zile futi 35 zimebaki 20. Na vipande vya bomba visiunganishwe kwa skrubu zinazochomoza ndani: kila ncha ya skrubu ni mwiba unaokamata usufi. Tumia mkanda wa alumini.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu halihitaji kifaa. Chomoa bomba nyuma ya mashine, ya umeme tu nasema tena, kausha mzigo mmoja bila bomba, na ukae karibu. Chumba kitapata unyevu na usufi kidogo, utapangusa. Nguo zikikauka kwa muda wa kawaida, drayeri yako ni nzima na mgonjwa ni bomba. Zisipokauka, sasa una sababu ya kutazama ndani.

Kabla ya kufungua chochote, osha kichujio. Kukitoa usufi kila baada ya mzigo hakutoshi, hasa kwa wanaotumia zile karatasi za manukato za kulainishia nguo. Zinaacha utando wa mafuta usioonekana kwenye wavu. Kiweke chini ya bomba la maji: maji yakitulia juu yake badala ya kupita, hewa nayo haipiti. Sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani vinatosha.

Jambo hili si la usumbufu wa nguo tu. Shirika la serikali ya Marekani linalohusika na zimamoto lilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 drayeri zilianzisha mioto ipatayo 2,900 ya majumbani kwa mwaka, na sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafishwa. Ndugu zetu wa Uingereza wana habari yao pia. Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool ilitoa tahadhari kuhusu mamilioni ya drayeri zilizouzwa huko chini ya majina kama Hotpoint, Indesit na Creda, kwa sababu usufi ungeweza kuifikia elementi. Agosti 2016 moto ulizuka kwenye ghorofa la Shepherd's Court, magharibi mwa London, ukianzia kwenye drayeri. Mwaka 2019 mashine ambazo zilikuwa bado hazijarekebishwa zikaamriwa zirudishwe. Kama uko huko na drayeri yako ni ya zamani au uliinunua kwa mtu, angalia namba ya modeli kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kuiwasha tena.

Umeme wa njia mbili

Tuseme hewa ni safi, pipa linazunguka, lakini ndani ni baridi. Hapa fundi aliyejifunza umeme Tanzania au Kenya anaweza kupotea, kwa sababu umeme wa nyumba za Marekani umegawanywa kwa namna nyingine.

Nyumbani kwetu waya hai mmoja na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, vinakupa volti 230 au 240, basi. Hapa nyumba inaingiwa na waya hai mbili. Kila mmoja ukipimwa na nyutro una volti 120, lakini zinakwenda kinyume: mmoja ukipanda, mwenzake unashuka. Ukipima kati ya hizo mbili unapata 240. Drayeri inatumia vyote viwili. Elementi imefungwa kati ya waya hai mbili, inakula 240. Mota, taa na saa ya kuchagulia muda vinatumia waya hai mmoja na nyutro, vinakula 120.

Sasa fikiria waya hai mmoja umekatika mahali. Mota bado ina 120 yake, pipa linazunguka, taa inawaka, kila kitu kinaonekana kizima. Elementi imekosa nusu ya pili ya njia yake na haipati moto hata kidogo. Mwenye nyumba anaagiza elementi. Fundi mzoefu anakwenda kwanza kwenye boksi la umeme, anatafuta breka pacha ya ampea 30, yaani swichi mbili zinazojizima umeme ukizidi, anaizima kabisa hadi mwisho, kisha anaiwasha. Breka hizo mbili zimefungwa pamoja, lakini upande mmoja unaweza kujizima ndani huku kwa nje zikionekana ziko sawa. Kwenye nyumba za zamani zenye fyuzi mbili za umbo la risasi, moja ikiungua matokeo ni hayo hayo. Dakika moja ya kutembea hadi kwenye boksi imewaokolea watu wengi dola nyingi.

Mahali pa pili ni pale waya mnene unapoingia nyuma ya mashine. Skrubu zikilegea, mguso unakuwa hafifu, panapata moto, plastiki inayeyuka, na waya unakatika taratibu. Ukifungua kile kifuniko kidogo ukaona weusi au ukasikia harufu ya samaki aliyeungua, usitafute zaidi. Badilisha kile kipande cha kuungia waya pamoja na waya wenyewe, na ukaze skrubu kwa nguvu ya kutosha.

Hapo hapo kuna jambo la usalama ambalo wahamiaji wengi hukutana nalo wakihamisha drayeri kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Soketi za zamani zina matundu matatu. Tangu kanuni za umeme za 1996, nyumba mpya zinawekwa ya matundu manne, ambayo nyutro na erthi, waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, zimetenganishwa. Waya wa drayeri unaweza kubadilishwa ulingane na soketi. Lakini ukifunga waya wa miguu minne lazima uondoe kile kiungo, kipande cha bati au waya mfupi, kinachoiunga nyutro na kasha la mashine. Ukikiacha, umeme wa nyutro unaweza kupita kwenye bati ambalo mtoto wako analishika. Na ukirudi kwenye soketi ya matundu matatu, kiungo hicho lazima kirudi mahali pake.

Kupima soketi yenye umeme si kazi ya kujifunzia. Kama hujawahi kushika multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye umeme mkubwa, mwite fundi kwa hatua hiyo peke yake, kisha endelea mwenyewe na vipimo vinavyofanywa mashine ikiwa imechomolewa. Na vyote vinavyofuata hapa vinafanywa plagi ikiwa nje ya soketi. Vaa glavu pia. Kingo za bati la ndani zinakata kama wembe.

Fyuzi haifi bure

Ndani ya drayeri, elementi imekaa kwenye kasha lake la bati, na njiani kwake kuna walinzi kadhaa. Themostati ya kawaida hukaa karibu na feni na ndiyo inayowasha na kuzima joto. Katika mashine nyingi hukata kwenye nyuzijoto 68 hivi. Kwenye kasha la elementi kuna themostati ya juu, inayokata karibu na nyuzijoto 121 na kurudi ikipoa. Mwishoni kuna fyuzi za joto. Hizi hazirudi. Ikikatika mara moja imekwisha. Katika modeli nyingi ile ya kwenye feni hukatika kwenye nyuzijoto 91 hivi.

Fyuzi ikiwa kwenye njia ya mota, ikikatika mashine haiwaki kabisa: unabonyeza, kimya. Ikiwa kwenye njia ya elementi, mashine inazunguka bila joto. Mchoro wa waya wa modeli yako, ambao mara nyingi umekunjwa na kufichwa ndani ya kasha la swichi za juu au nyuma ya bati la mbele, utakuambia ipi ni ipi.

Kuipima ni rahisi. Chomoa walau waya mmoja kutoka kwenye fyuzi, la sivyo mita itasoma njia nyingine ya kuzunguka na kukudanganya. Weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Fyuzi nzima inasoma karibu sifuri. Iliyokatika haisomi kitu. Themostati nazo zikiwa baridi zinapaswa kusoma karibu sifuri.

Fyuzi ni ya bei ndogo, inafungwa kwa skrubu moja au mbili, na mashine inafufuka. Hapo ndipo wengi wanapoishia, na ndipo ninapowasihi wasiishie. Fyuzi ilikatika kwa sababu palikuwa na joto lisilostahili kuwapo. Ama bomba limeziba, ama themostati ya kawaida imekwama na haikati, ama elementi imegusa bati. Ukiifunga mpya bila kumtafuta aliyeiua ile ya kwanza, utaifunga ya tatu baada ya wiki chache, au hutapata nafasi hiyo. Nimekuta nyumba moja ambayo mtu alizunguka fyuzi kwa kipande cha waya ili mashine ifanye kazi "kwa muda tu". Watoto watatu walikuwa wamelala chumba cha jirani. Niliutoa waya ule, nikakata plagi ya mashine kwa koleo, na baba mwenye nyumba akanikasirikia. Ningefanya hivyo tena.

Elementi yenyewe inapimwa vivyo hivyo, waya zake zikiwa zimechomolewa. Hesabu ya shuleni inakusaidia hapa: volti 240 zikizidishwa kwa zenyewe ni 57,600, gawanya kwa wati 5,400 na unapata omu 10 na ushee. Kwa hiyo ukisoma kati ya omu 8 na 12, elementi ni nzima, rudisha pesa yako mfukoni. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Kisha pima mara ya pili, kutoka kwenye mguu wa elementi hadi kwenye bati la kasha. Hapa mita haitakiwi kusoma kitu. Ikisoma, koili imelegea na kulala kwenye bati, na hiyo ni hatari kuliko iliyokatika: inaweza kuendelea kuwaka bila kuitii themostati, na ndiyo moja ya sababu za mashati kutoka na alama za kuungua.

Kama fyuzi, themostati na elementi vyote ni vizima na umeme wa 240 unafika, bado kuna swichi iliyo kwenye mota yenyewe. Inafunga njia ya elementi pale tu mota inapofikia mwendo wake, ili elementi isiwake pipa likiwa limesimama. Ncha zake huungua kwa miaka. Nimeikuta mbovu mara chache sana, kwa hiyo naiacha mwisho.

Inapojizima mapema, au saa isiposogea

Mashine za siku hizi zina vibati viwili virefu ndani ya pipa, karibu na kichujio. Nguo mbichi ikivigusa vyote viwili kwa pamoja, umeme mdogo mno unapita kupitia maji yaliyomo kwenye nguo. Nguo ikikauka, haupiti tena, na mashine inahesabu kwamba kazi imekwisha. Sasa ule utando wa karatasi za manukato nao hulala juu ya vibati hivi. Mashine haisikii maji, inaamini nguo zimekauka, inajizima baada ya dakika kumi. Pamba na spiriti kidogo ndiyo tiba yake. Hali hiyo hiyo hutokea ukitia soksi nne peke yake: zinaruka huku na huko bila kuvigusa vibati. Ongeza taulo moja au mbili.

Mashine za zamani zenye saa ya kuzungusha kwa mkono zinafanya kinyume, na hili linawachanganya watu kuliko yote. Kwenye sehemu ya kukausha kwa kujiongoza, mota ndogo ya saa haipati umeme hadi themostati ikate joto. Nguo zikiwa mbichi joto hukawia kupanda, saa inasubiri. Zikikauka joto hupanda haraka, themostati inakata, saa inasogea. Ni ubunifu mzuri wa watu waliokuwa hawana kompyuta. Lakini kama hakuna joto kabisa, themostati haikati kamwe, na saa itasimama pale pale hadi kesho. Mtu anaagiza saa mpya ilhali iliyopo inangoja joto tu.

Pipa na kelele zake

Mota ikinguruma na pipa lisizunguke, tia mkono ulisukume. Likizunguka jepesi mno kama halijafungwa na kitu, mkanda umekatika. Katika baadhi ya mashine kuna swichi inayohisi mkanda, kwa hiyo ukikatika mota haiwaki kabisa. Kuufunga mpya si kazi ngumu, ila piga picha kabla ya kutoa chochote: upande wenye mifereji unalikumbatia pipa, kisha mkanda unapindwa kama herufi Z kupitia puli ya kukazia hadi kwenye mota.

Mlio wa kukwaruza kama panya mara nyingi ni ile puli ya kukazia. Kishindo kinachofuata mzunguko wa pipa ni magurudumu madogo yanayolibeba. Yabadilishe yote kwa pamoja. Kelele ya kugongagonga ndani ya feni huwa sarafu, au kifungo cha shati. Mashine isiyowaka kabisa, kabla ya fyuzi, jaribu swichi ya mlango: ibonyeze kwa kidole, unatakiwa kusikia kidoko chake.

Ukiwa umeshafungua bati, chukua mashine ya kuvuta vumbi usafishe kila kona, hasa chini ya pipa na kuzunguka mota. Mota iliyofunikwa na usufi hupata moto na kujizima yenyewe katikati ya kazi, kisha hukubali tena baada ya nusu saa. Watu huiita mzimu.

Kwa wapangaji: drayeri iliyokuja na nyumba ni ya mwenye nyumba, na bomba lililo ndani ya ukuta ni lake pia. Usiifungue. Mwandikie, taja kwamba hewa haitoki nje, weka picha ya kifuniko, utunze nakala. Neno "haikaushi" linaweza kusubiri mwezi. "Bomba limeziba" ni suala la moto na linajibiwa haraka zaidi.

Na kwa wanaopakia makontena kwenda Dar es Salaam au Mombasa: drayeri ya Marekani iacheni hapa. Elementi yake itakubali umeme wa kule, lakini mota inataka volti 120, na ukiifunga kati ya waya hai na nyutro wa nyumbani itapokea 230 na kuungua. Wapo wanaoweka transfoma ya kupunguza umeme kwa ajili ya mota. Hata hivyo mota hiyo ilitengenezewa umeme wa hezi 60, na wa kwetu ni hezi 50, kwa hiyo inazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita. Feni imefungwa kwenye mota hiyo hiyo. Hewa inapungua, joto la elementi linabaki karibu lile lile, na fyuzi ya kwanza itakatika kabla hujamaliza kusifiwa na majirani. Nunua kule kule, iliyoandikwa volti 220 hadi 240, hezi 50.